Kinyonga Hana Sumu

Mvua za kwanza zikisha kunyesha, msafiri anayetoka Arua kwenda Koboko huona pande zote mbili za barabara nyasi mbichi, miembe yenye vivuli vizito, na mashamba ya mihogo yanayokaribia kabisa kuigusa lami. Katika majani hayo hukaa mnyama mdogo ambaye watu wengi wanamjua kwa jina, wachache wanamjua kwa tabia, na karibu wote wanamwogopa. Mnyama huyo ni kinyonga. Askari asiyetishwa na mlio wa risasi huweza kuruka kando akimkuta juu ya kamba ya nguo. Mama wa nyumbani huita kijana aje mbio na fimbo. Watoto, ambao katika mambo kama haya hawahitaji kuagizwa, huanza kukusanya mawe.

Je, kosa la kinyonga ni nini? Husemwa kwamba ana sumu, na kwamba mate yake hupofusha. Wapo wanaoshikilia kwamba mama mja mzito akimtazama atazaa mtoto mwenye kasoro, na wengine kwamba anayekutana naye njiani asubuhi afadhali arudi nyumbani. Maneno hayo hayana ukweli. Hakuna kinyonga mwenye sumu ya kumdhuru mtu, si Uganda wala penginepo duniani. Meno yake ni madogo mno, yameota kwenye ukingo wa taya, na hana mwiba wala kucha ya kumdhuru mtu mzima. Akibanwa sana huvimba, hutoa mlio kama wa hewa inayotoka katika gurudumu, na hufumbua kinywa. Akikamata kidole, maumivu yake ni kama ya kibanio cha nguo. Maji na sabuni ndiyo dawa inayotosha.

Vinyonga wamo aina zaidi ya 200 duniani, na kiasi cha nusu yao wanapatikana katika kisiwa cha Madagaska. Uganda yenyewe ina aina kadhaa. Katika milima ya kusini-magharibi yupo mwenye pembe tatu puani, aliyepewa jina la Harry Johnston, yule Mwingereza aliyetia sahihi Mapatano ya Buganda mwaka 1900. Yupo na nduguye wa Kenya, naye pia mwenye pembe tatu, aliyeitwa kwa jina la Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa Gavana wa Uganda. Wale wa West Nile hawana pembe. Ni vinyonga wa nchi ya nyasi na miti iliyotawanyika, nao ni wa namna mbili. Wa kwanza ni yule ambaye wataalamu humwita Chamaeleo gracilis, mwenye vipande viwili vidogo vya ngozi nyuma ya kichwa. Wa pili ni Chamaeleo laevigatus, ambaye kisogo chake ni laini bila vipande hivyo. Huyu alielezwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya elimu ya wanyama na John Edward Gray wa Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1863. Mkubwa kati yao, ukipima tangu pua hadi ncha ya mkia, hufikia kadiri ya rula ya mwanafunzi.

RANGI INATOKA WAPI?

Kila mtu husema kwamba kinyonga hufuata rangi ya mahali alipo: juu ya jani atakuwa kijani, juu ya udongo atakuwa mwekundu. Ndiyo maana katika Kiswahili mtu asiye na msimamo huitwa kinyonga, na hapana shaka baadhi ya watu wanastahili jina hilo. Lakini mnyama mwenyewe anasingiziwa. Ukimweka juu ya kitambaa chekundu hatageuka mwekundu. Rangi yake ya kawaida, kijani au hudhurungi yenye mabaka, imekwisha kufanana na majani na matawi tangu kuzaliwa. Akibadilika, hubadilika kwa sababu ya joto na baridi, au kwa hasira, hofu na haja ya kuoa.

Asubuhi na mapema, wakati umande ungali juu ya majani na hewa ya Arua, mji ulio kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, ina ubaridi, kinyonga huonekana mweusi-mweusi. Hujibapa kama jani na kuelekeza ubavu wake mmoja kwenye jua, kwani rangi nyeusi hunywa joto upesi. Akisha kupata moto, weusi hupungua. Saa sita mchana, jua linapochoma bati za nyumba, huwa mweupe-mweupe ili joto lisimzidi. Kazi hiyo ya weusi inafanywa na chembe za ngozi zenye matawi kama mizizi. Rangi nyeusi ikisambaa katika matawi hayo, ngozi yote hutiwa giza. Ikikusanyika katikati ya chembe, ngozi hung'aa tena.

Rangi zake nyingine zina siri iliyo ngumu zaidi, na siri hiyo ilifumbuliwa juzi tu. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva nchini Uswisi, wakiongozwa na Michel Milinkovitch, walichunguza ngozi ya kinyonga mmoja wa Madagaska. Waligundua kwamba chini ya tabaka lenye rangi ya manjano mna chembe zilizojaa fuwele ndogo sana, zisizoonekana kwa darubini ya kawaida, zilizojipanga kwa utaratibu. Fuwele hizo zenyewe hazina rangi. Askari atazielewa upesi akifikiria gwaride. Safu zinapokaribiana, mwanga wa jua unaorudi kutoka humo ni wa buluu; na buluu hiyo ikipita katika tabaka la manjano huonekana kijani. Kinyonga akikasirika, safu hufunguka, nafasi kati ya fuwele huongezeka, na mwanga unaorudi huwa wa manjano, kisha hata mwekundu. Jambo lililo karibu na hilo huonekana petroli inapomwagika juu ya maji ya mvua katika uwanja wa magari: rangi zote za upinde wa mvua huwaka pale, ilhali hakuna aliyetia rangi. Chini ya fuwele hizo wataalamu walikuta tabaka la pili la fuwele kubwa zaidi, ambalo hurudisha nje sehemu ya joto la jua.

Rangi, basi, ni lugha yake. Hana sauti ya kuimba, na sikio la nje hana. Dume akikutana na dume mwingine kwenye tawi hujibapa na kuvimba ili aonekane mkubwa, na hapo hapo huzidisha mng'ao wa rangi zake. Mwaka 2013 Russell Ligon na Kevin McGraw wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliwapima kwa kamera vinyonga wa Yemeni waliokuwa wakigombana. Waliona kwamba dume ambaye kichwa chake hubadilika rangi upesi zaidi ndiye anayeelekea kushinda. Anayeshindwa hujitia giza, na hiyo ni alama ya kusalimu amri. Mwenzake akiiona, mara nyingi humwacha aende zake bila kuumizana.

Lakini kujipamba kuna hatari yake. Vinyonga wa Jackson kutoka Kenya walipelekwa Hawaii mwaka 1972, wakatoroka na kuzaana katika visiwa hivyo ambamo adui zao ni wachache. Mwaka 2022 Martin Whiting na wenzake walitangaza kwamba vinyonga wa Hawaii siku hizi hung'aa kuliko ndugu zao waliobaki Kenya, kwani nyumbani Afrika mwenye kung'aa mno huliwa na ndege au nyoka.

Hapa inafaa kumtaja yule mjusi mwenye kichwa cha buluu anayeonekana katika mashina ya miti mikubwa, akitikisa kichwa juu na chini kama mtu anayeitikia kila neno la mkubwa wake. Huyo si kinyonga, ingawa ni jamaa wa karibu katika ukoo wa mijusi. Dume lake pia hubadili rangi: buluu huiva anapotamba mbele ya wenzake, na hufifia anapotishwa au usiku uingiapo. Naye amesingiziwa sumu bure.

MSHALE KINYWANI

Mroma mmoja aitwaye Pliny, aliyeishi katika karne ya kwanza, aliandika kwamba kinyonga hali chakula wala hanywi maji, bali huishi kwa hewa tu. Si ajabu kwamba aliamini hivyo. Kinyonga hunywa matone ya umande na mvua yaliyo juu ya majani, na anapokula, jicho la mtu halioni vizuri. Ulimi wake hutoka, humpiga panzi na kurudi kinywani kwa muda ulio chini ya sekunde moja, na safari ya kwenda huwa kama sehemu moja katika kumi ya sekunde au hata chini ya hapo. Ulimi huo huweza kufika mbali kiasi cha mara mbili ya urefu wa mwili wake, mkia usipohesabiwa.

Nguvu hiyo haitoki katika msuli peke yake, kwani hakuna msuli wenye mbio namna hiyo. Ndani ya ulimi umo mfupa uliochongoka kama kijiti, na kati ya mfupa na msuli zimo kuta nyembamba zinazovutika. Msuli hukaza kwanza na kuzivuta kuta hizo, kama mwindaji avutavyo upinde. Kisha zote huachiwa kwa pamoja, na ulimi hufyatuka kutoka kwenye kijiti. Mwaka 2016 Christopher Anderson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alitangaza vipimo vya kinyonga mdogo sana wa Milima ya Usambara, Tanzania. Ulimi wa huyo ulifyatuka kwa nguvu iliyofikia mara 264 ya mvuto wa dunia. Katika ukoo huu wadogo ndio wenye mbio kubwa zaidi. Upinde huo una faida nyingine: haujali baridi. Anderson na Stephen Deban walionyesha mwaka 2010 kwamba kinyonga aliyepoa hadi nyuzi 15 za Selsiasi, ambaye miguu yake imekuwa mizito, bado hufyatua ulimi karibu kama mchana. Hivyo huweza kupata chakula cha asubuhi kabla mijusi wengine hawajaamka. Na windo likisha kupigwa haliponyoki, maana ncha ya ulimi hulifunika kama kikombe, na mate yake, kwa vipimo vya watafiti wa Ubelgiji vya mwaka huo huo wa 2016, yana uzito wa kunata kama mara 400 ya mate ya binadamu.

Macho yake kila mtu ameyaona: yamefunikwa kwa kope zilizoungana zikaacha tundu dogo, na kila moja huzunguka kwa njia yake. Moja huweza kutazama mbele na jingine nyuma. Lakini wakati wa kulenga yote mawili hugeukia windo. Mwaka 1977 mtafiti Lindesay Harkness aliwavisha vinyonga vioo vya miwani, wakaanza kukosea shabaha. Kwa hiyo ikajulikana kwamba hupima umbali kwa jinsi jicho linavyokaza kuona, kama kamera inavyorekebishwa kabla ya kupiga picha.

Miguu yake ni koleo. Vidole vitano vimeunganishwa mafungu mawili, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, na mkia wake ni mkono wa tano. Mkia huo haukatiki ukaota tena kama wa mjusi wa ukutani. Ukikatwa na mtoto mwenye panga, umekwenda moja kwa moja. Mwendo wake wa kuyumba, mbele hatua moja na nyuma nusu hatua, umewachekesha wengi. Lakini tawi likipulizwa na upepo, anayeyumba pamoja na majani haonekani, na mwewe, hondohondo na nyoka wa mitini ndio wanaomtafuta.

Usiku mambo hugeuka. Kinyonga hulala kwenye ncha ya kijitawi chembamba, mahali ambapo nyoka hawezi kufika bila kukitikisa, na akilala huwa mweupe. Askari wa lindo anayemulika tochi katika ua wa michongoma ataona kitu kilichojikunja, cheupe kama kipande cha karatasi, mkia umeviringwa kama kamba ya saa. Mchana angepita hapo mara kumi asimwone.

YULE ALIYE CHINI NI MAMA

Kwa kawaida kinyonga hana sababu kubwa ya kushuka chini. Dume hushuka akitafuta mke. Jike hushuka anapojaa mayai, na safari hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote. Hutafuta udongo laini wenye unyevu, huchimba kwa miguu kwa saa nyingi, hutaga mayai makumi kadhaa, huyafukia na kuusawazisha udongo hata pasijulikane kitu. Kisha hurudi mtini, asiyaone tena. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, nao watoto watokapo hawafundishwi na mtu: siku zile zile za kwanza huanza kufyatua ulimi kwa wadudu wadogo.

Basi yule kinyonga mnene, mzito, anayekatiza uwanja wa kambi au njia ya kisimani, ambaye watoto humpata kwa urahisi kwa kuwa hawezi kukimbia, mara nyingi ni jike lenye mayai. Jiwe moja huua ukoo mzima. Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, yenye kilomita 92, imewaletea wananchi faida kubwa, lakini kwa kinyonga anayevuka hatua kwa hatua ni mto usio na daraja. Kiangazi nacho, tangu Desemba hadi Machi hivi, huja na mioto ya nyasi. Mwindaji wa panya au mchungaji anayetaka majani mapya huwasha upande mmoja, na upepo hupeleka mpaka kwenye vichaka. Ndege huruka na swala hukimbia. Kinyonga hupanda hadi juu ya kichaka, na moto humfuata huko huko.

Zaidi ya hayo, miti inapungua. Watu wanaongezeka, tumbaku imetaka kuni za kukaushia kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2016 maelfu kwa maelfu waliokimbia vita vya Sudan Kusini wamepokewa Rhino Camp na Imvepi, kama vile Wakongo walivyopokewa Lobule katika wilaya ya Koboko. Hakuna awezaye kumlaumu mama anayetafuta kuni za kupikia watoto wake. Ila mti uliokatwa bila kupandwa mwingine ulikuwa pia nyumba ya viumbe wengi.

Rhino Camp yenyewe ilipata jina kwa vifaru weupe ambao Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, alikuja kuwawinda mwaka 1910. Kufikia mwaka 1983 hakukuwa na kifaru hata mmoja aliyebaki porini Uganda. Kifaru aliuawa kwa sababu pembe yake iliuzwa ghali. Kinyonga anauawa bila faida yoyote kwa anayemwua.

Au tuseme karibu bila faida, kwani wapo wanaomkausha kwa ajili ya waganga, na wapo wanunuzi wa nchi za mbali wanaopenda kumfuga katika vioo. Tangu mwaka 1977 biashara ya vinyonga kati ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa uitwao CITES, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Aidha sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 inakataza kukamata na kusafirisha wanyama wa porini bila kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Polisi wa Vurra na Oraba wanaokagua mizigo wakikuta mifuko ya nguo imefungwa na ndani mnatambaa kitu, wajue kwamba hilo ni jambo la kuulizia karatasi.

Nyumbani kazi ni ndogo. Kinyonga akiingia uani, asishikwe mgongoni wala kuvutwa mkia, kwani hushikilia tawi kwa nguvu na miguu yake huvunjika. Fimbo iwekwe mbele yake, chini ya kifua. Atapanda mwenyewe, naye apelekwe kwenye ua wa miti au kichaka cha karibu. Asifungiwe ndani ya nyumba ati ale nzi. Ni kweli hula nzi, panzi, viwavi na nondo, lakini pasipo umande na jua atakonda na kufa katika muda mfupi. Bustani ya mboga yenye vinyonga haihitaji kupigwa dawa kila wiki, na mwenye kupiga dawa ajue kwamba panzi aliyekufa kwa sumu huliwa pia. Takataka za shamba zinapochomwa, lundo ligeuzwe kwanza kwa fimbo. Anayelima akifukua mayai meupe, laini, madogo kama maharagwe, ayafukie mahali pale pale bila kuyapindua, kwani kiumbe aliye ndani, yai likigeuzwa, huweza kufa. Na mtoto anayeogopa aonyeshwe kinyonga kwa mbali akiwa mtini, panzi akiwa karibu naye, aambiwe ahesabu moja mpaka tano bila kupepesa macho.